Mchezo wa Mtoto si Upuzi

Mwezi Desemba, mwaka 2021, Serikali ilizindua hapa Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ikaiwekea muda wa miaka mitano hadi 2025/26. Jina lake ni refu, na huenda ndiyo sababu wengi hawakulishika. Miongoni mwa mambo yaliyomo ni kujifunza kwa mtoto kabla hajaingia darasa la kwanza. Juu ya hilo twataka kusema leo, maana ndilo linalodharauliwa kuliko yote.

Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulikwisha kueleza wazi kwamba mtoto wa umri huo afundishwe kwa michezo, na darasa lake liwe na kona za vitu vya kushika, kupanga na kuhesabu. Hata hivyo, mwalimu akiwatoa watoto nje wakacheze, mzazi apitaye njiani hunung'unika: "Sikumleta mwanangu shuleni kucheza." Mfanyakazi wa mjini arudipo jioni hudai kuona daftari, asipokuta kurasa zilizojaa alama za vema, huona fedha yake imepotea. Basi mwalimu, kwa kuogopa lawama, huwakalisha watoto wa miaka mitano wakaimba a, e, i, o, u mpaka kengele ilie. Hatumlaumu sana mwalimu huyo. Sisi wazazi ndio tuliomfundisha woga.

Yafaa tuutazame mchezo wenyewe kabla ya kuuhukumu. Nani kati yetu hakucheza mdako? Watoto huchimba kishimo, wakakijaza kokoto. Mmoja hurusha jiwe juu, na kabla halijashuka huzoa kokoto kutoka shimoni, kisha hulidaka. Akilirusha tena, huzirudisha zote shimoni na kubakisha moja. Baadaye sharti abakishe mbili, kisha tatu. Akikosea hesabu, wenzake humpigia kelele na zamu yake imekwisha. Hapo pana kujumlisha na kutoa, pana jicho na mkono kufanya kazi pamoja, pana kungoja zamu na kukubali kushindwa. Mtoto huyo huyo twampeleka darasani, twamwandikia ubaoni tano kutoa mbili, naye akinyamaza twasema ni mzito wa akili!

Na kijana wa Kigogo afinyangaye ng'ombe wa udongo katika korongo baada ya mvua, akawatenga wenye mimba na ndama, akawajengea zizi la vijiti, je, anapoteza wakati? Huyo anapanga vitu kwa aina zake, na vidole vyake vinapata nguvu ya kushika kalamu hapo baadaye. Hakuna duka la Ulaya litakalomuuzia kifaa bora kuliko udongo ule, wala hapana haja ya kungoja wafadhili walete vinyago vya plastiki.

Kwa watu wa uwanda huu wa kati liko jambo jingine zito zaidi, nalo ni lugha. Mtoto wa Bahi au Chamwino aweza kufika shuleni akiwa na Kigogo peke yake. Wa Kondoa na Kirangi. Wa upande wa Singida na Kinyaturu. Mwalimu asema kwa Kiswahili. Mtoto aliyekalishwa kimya mbele ya lugha asiyoijua hujifunza jambo moja tu, kwamba shule si mahali pake. Lakini katika mchezo neno huja pamoja na tendo: ruka, shika, mpe mwenzako, moja, mbili. Kuanzia mwaka 2015, katika mikoa kadhaa, Dodoma ukiwamo, watu waliotoka vijijini humo humo walifundishwa kuwaandaa watoto kwa hadithi na michezo kabla ya kuanza shule. Mpango ule ulitambua kwamba mtu wa kijijini, aijuaye lugha ya mama na Kiswahili pia, ni daraja kwa mtoto.

Twajua jibu tutakalopewa: watoto ni wengi mno. Ni kweli. Ada ilipofutwa, tangu Januari 2016, watoto waliingia kwa wingi, nasi tulishangilia kwa haki. Lakini kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na katika miaka iliyofuata hesabu ya taifa ilipita watoto mia kwa kila mwalimu aliyesomea kazi hiyo katika shule za serikali. Mwalimu mwenye watoto mia hawezi kuongoza mchezo. Aweza kuzuia vurugu tu. Na watoto walioachwa wakimbizane uani bila mtu kuwaangalia wala kuwauliza neno, huko si kufundisha kwa michezo. Anayetumia jina hilo kuficha uvivu hatumtetei.

Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma, mwaka 1907, aliifungua katika mtaa wa wafanyakazi maskini, akawapa watoto wao vitu vya kushika. Leo katika miji mingi elimu ya namna ile huuzwa kwa bei kubwa kwa watoto wa wenye nacho, na mtoto wa kibarua hupewa wimbo wa irabu. Katika nchi iliyoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, jambo hili latutia haya.

Twasema basi, kila halmashauri ya kijiji ilitie suala hili katika ajenda ya mkutano wake ujao. Itafutwe mikono ya pili ya kumsaidia mwalimu wa awali, naye msaidizi huyo alipwe, maana kazi ya kujitolea hufa msimu wa kulima ukifika. Pawekwe kivuli, udongo, kokoto na maji ya kunawa. Pawe na uji, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hachezi. Na pale ambapo shule iko mbali na vitongoji, kundi la watoto lianzishwe kitongojini, lisingoje jengo, mbuyu upo.