Nuru ya Kijani Haitoshi Kuwa Ithibati

Imekuwa ada katika maabara za elimu ya viumbe kwamba mtafiti atakaye kujua iwapo seli hai imezidiwa na aina kali za oksijeni huitia rangi iitwayo DCFH-DA, akaitazama kwa hadubini, na akiona kijani kimekolea, huandika pasina kusita kuwa oksijeni kali zimeongezeka. Nami nasema, kwa taadhima yote wanayostahiki watendao kazi hiyo, kwamba picha ile peke yake haifai kukubaliwa.

Rangi hiyo huingia katika seli ikiwa haina nuru. Vimeng'enya vya ndani huondoa vikundi vyake viwili vya asetati, ikawa haitoki tena kwa wepesi, na inaponyang'anywa elektroni ndipo hugeuka, hata ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hujibu kwa kijani. Keston na Brandt walipoieleza mwaka 1965 kwa kupimia haidrojeni peroksaidi, mojawapo ya oksijeni kali hizo, waliitumia nje ya seli, pamoja na kimeng'enya cha kuichochea. Ndani ya seli mambo ni mengine kabisa, kwa kuwa peroksaidi yenyewe haiiwezi rangi hii ila isaidiwe na chuma au kimeng'enya, na kwa hiyo kijani chaweza kukolea kwa sababu chuma kimezidi, ilhali peroksaidi haikuongezeka hata chembe. La kutisha zaidi ni kwamba rangi, ikiwa katikati ya kugeuka, hukutana na oksijeni ya kawaida ikazaa supaoksaidi, oksijeni kali nyingine, nayo ikawa peroksaidi mpya: shahidi aliyeitwa kueleza tendo ndiye aliyelitenda.

Ama daihidroethidiamu, rangi nyingine itumikayo kutafutia supaoksaidi, hutoa mazao mawili mekundu, na moja tu ndilo la supaoksaidi; hadubini ya kawaida haiyapambanui, mpaka yatenganishwe kwa kromatografia.

Njia bora zipo. Mwaka 2006 wataalamu wa Moscow walitangaza HyPer, protini ambayo seli hujiundia yenyewe baada ya kupewa jeni yake, na ambayo huitambua haidrojeni peroksaidi khasa. Miaka mitatu baadaye ilitumiwa katika vijisamaki vya zebra vilivyokatwa ncha ya mkia, ikaonekana peroksaidi ikipanda ukingoni mwa jeraha ndani ya dakika chache, kabla chembe nyeupe za damu hazijawasili, nayo ndiyo iliyokuwa ikiziita. Kitu tulichozoea kukihesabu sumu tupu kumbe ni mjumbe.

Na hili si la wataalamu peke yao, maana watu huuziwa vidonge vya kupambana na oksijeni kali kwa imani kwamba kila oksijeni kali ni adui. Ilhali huko Finland, katika jaribio la wavutaji sigara zaidi ya 29,000 lililotangazwa mwaka 1994, waliopewa beta-karotini, mojawapo ya dawa za namna hiyo, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Najua DCFH-DA ni rahisi kwa bei, na vyuo vyetu vina haja ya urahisi. Walakini kutia katalasi, kimeng'enya kiondoacho peroksaidi, ili kutazama kama kijani kitafifia, hakuhitaji mtambo wa fahari. Na msahihishaji wa tasnifu ana haki ya kumuuliza mwanafunzi ni oksijeni ipi aliyoiona, na asipojibiwa, airejeshe.