Bweranyange Haikuzaliwa na Speke

Wanafunzi wengi wakiulizwa habari za Karagwe ya kale huanza na John Hanning Speke, kana kwamba nchi ilizaliwa siku mgeni huyo alipobisha hodi. Fikra hiyo hatuna budi kuisahihisha.

Speke na mwenzake Grant walipofika Bweranyange, Novemba 1861, waliwakuta wananchi wenye dola yao, wakulima, wafugaji na wafua chuma. Mtawala wao, Rumanyika Orugundu, aliwapokea kwa ukarimu; Grant alipougua mguu alibaki hapo miezi kadhaa akihifadhiwa. Jirani na hapo, Kafuro, waliishi wafanyabiashara kutoka pwani. Huko ndiko Stanley alikomkuta Hamed Ibrahim mwaka 1876.

Je, ukarimu ule ulilipwaje? Katika kitabu chake cha 1863, Speke alidai kuwa nasaba ya watawala hao ilitoka Uhabeshi, kana kwamba Mwafrika wa hapa hawezi kujenga dola. Ng'ombe na nyundo za chuma za jumba la Rumanyika zinamsuta.

Uchifu tuliufuta mwaka 1963, wala hatuulilii. Lakini kufuta cheo si kufuta kumbukumbu. Walimu wa Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi 2012, wapelekeni wanafunzi kwa wazee. Waandike habari za watawala, na zaidi za wafua chuma, wachungaji na wapagazi, ambao mgeni hakuwauliza majina. Tusipoiandika sisi, tutaendelea kuisoma kwa kalamu ya Speke.