Sisimizi Wanapomharibia Simba Windo

Muulize mtoto yeyote wa Nairobi ni nani anayetawala mbugani, naye atakujibu bila kusita kwamba ni simba. Muulize tena ni nani anayemtawala simba, uone kama atakutajia mdudu.

Twende Laikipia. Huko kuna nyanda za udongo mweusi, ule unaonasa magurudumu wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mti unaotamba hapo ni mgunga mfupi ambao miiba yake huvimba na kuwa vinundu vyeusi, vitupu ndani. Upepo ukipita kwenye vijitundu vyake, mti hupiga mluzi.

Waliotoboa vijitundu hivyo ni sisimizi. Mti huwapa nyumba, na tena huwalisha kwa utomvu mtamu unaotoka kwenye majani. Wao hulipa kodi kwa ulinzi. Ndovu akipeleka mkonga kuvunja tawi, humiminika hadi ndani ya pua, mahali ambapo ngozi yake nene haimsaidii kitu. Jitu lile la tani kadhaa huuacha mti na kwenda zake!

Mwaka 1995 watafiti walizungushia ua sehemu za kituo cha Mpala, huko huko Laikipia, ili wanyama wakubwa wasiingie. Mtu angedhani miti ya ndani ingenawiri. Wapi! Matokeo yaliyotangazwa 2008 yalionyesha kwamba baada ya miaka 10 bila kuliwa, miti ilipunguza vinundu na utomvu, kama tajiri anayeachisha kazi mabawabu kwa kuwa wezi hawaonekani. Walinzi wakapungua, wakaingia sisimizi wa aina nyingine wasioujali mti, na mabuu ya mbawakawa yakatoboa mashina. Miti iliyolindwa na ua ikakua polepole na kufa kwa wingi kuliko ile iliyotafunwa na twiga.

Sasa ndipo anapoingia mgeni. Ni sisimizi mwenye kichwa kikubwa, ambaye inaaminika asili yake ni kisiwa cha Bahari Hindi. Huyu husafiri na mizigo ya binadamu. Alipofika Laikipia, aliwaua sisimizi wenyeji na kula mayai na watoto wao, lakini kazi ya ulinzi hakuichukua. Ndovu wakapata mwanya. Katika sehemu alizozivamia, ndovu huvunja miti mara 5 hadi 7 zaidi kuliko kwingine.

Basi simba anahusikaje? Simba si mkimbiaji wa mbali. Hunyemelea, akijificha nyuma ya vichaka mpaka amkaribie punda milia. Miti ikianguka, uwanja hubaki mweupe na punda milia humwona mapema. Watafiti wakiongozwa na Mkenya Douglas Kamaru walichunguza jambo hili katika hifadhi ya Ol Pejeta na kutangaza matokeo yao 2024: mahali ambapo mgeni huyo hajafika, simba huua punda milia karibu mara 3 zaidi.

Je, simba walikufa njaa? La. Idadi yao haikushuka, kwani walibadili chakula. Mwaka 2003, kati ya wanyama 100 waliouawa na simba hapo, 67 walikuwa punda milia, na nyati hawakuwemo kabisa. Kufikia 2020 punda milia walikuwa 42, na nyati pia 42.

Lakini nyati si windo la mchezo. Dume lake huweza kupita kilo 600, ana pembe za kumpasua simba, na wenzake hurudi kumtetea. Kumwangusha kunahitaji simba kadhaa, na si kila mmoja hutoka salama. Nao sisimizi wale bado wanasonga mbele polepole, mti kwa mti.