Picha ya Ubongo Isiishie Hospitalini

Wako watu wengi wanaodhani kuwa utafiti wa wanafizikia juu ya picha za ubongo na tiba ya mawimbi ya sauti ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba haumhusu hata kidogo mwananchi wa Mkalama, Iramba au Manyoni. Dhana hiyo si ya kweli, na ina hatari ndani yake. Mkoa wa Singida unapakana na eneo ambalo picha za ubongo zimekwisha kutoa jawabu zito kuhusu maradhi yanayowatesa watu wa vijijini. Jawabu hilo linawadai watumishi wa umma na walimu kazi ambayo bado haijamalizika.

Ifahamike kwanza kwamba sayansi hii haikuanza mbali na Afrika. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, aliombwa kusimamia kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Hapo ndipo alipojiuliza namna ya kuupima mwili kwa miale inayopita kutoka pande nyingi, kisha kwa hesabu kuijenga picha ya kilichomo ndani. Alichapisha hesabu hizo mwaka 1963 na 1964, na ni wachache waliozijali. Godfrey Hounsfield wa Uingereza, kwa njia yake mwenyewe, aliunda mashine iliyompiga picha ya ubongo mgonjwa wa kwanza mjini London tarehe 1 Oktoba, 1971. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mashine hiyo ndiyo leo inayoitwa CT-Scan.

Sasa tazama faida yake kwa mwanakijiji. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoko wilaya ya Mbulu, karibu na mpaka wa Singida, madaktari waliwapiga picha hiyo wagonjwa wa kifafa 212. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Wagonjwa 38 kati yao walionekana kuwa na alama zinazoashiria vifuko vya mnyoo aina ya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Si jini, si laana ya ukoo, wala si mkono wa jirani mwenye kijicho. Ni mdudu, na mdudu huyo ana njia ya kuingia na njia ya kuzuiwa.

Njia hiyo inafaa ieleweke barabara, kwa maana wengi huikosea. Mtu anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko na isiyoiva vizuri hupata tegu tumboni. Lakini vifuko vya ubongoni huletwa na mayai ya tegu, ambayo hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo na kuingia kinywani kwa maji, mboga au mikono michafu. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajapata kuonja nyama ya nguruwe maishani mwake anaweza kuugua, iwapo jirani yake hana choo. Nguruwe naye, akiachwa azurure na kula kinyesi, huukamilisha mzunguko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta katika wilaya hiyo hiyo ya Mbulu kwamba zaidi ya nguruwe 17 katika kila 100 waliochunguzwa ndimi walikuwa na vifuko hivyo. Nguruwe na watu hawaujui mpaka wa mkoa.

Hapo ndipo penye somo. Picha iliyopigwa kwa mashine ya thamani kubwa inaagiza mambo yasiyo na gharama kubwa: choo kwa kila kaya, banda kwa kila nguruwe, ukaguzi wa nyama, sabuni na maji. Kazi hizo si za daktari. Ni za ofisa mtendaji wa kijiji, bwana afya, bwana mifugo na mwalimu.

Wakati huohuo sayansi yenyewe inasonga mbele. Mawimbi ya altrasaundi, ambayo mama wajawazito wameyazoea, sasa yanatumika kutibu. Kama kioo kinavyokusanya miale ya jua mahali pamoja hata karatasi ikaungua, ndivyo mawimbi hayo yanavyokusanywa katika nukta moja ya ubongo bila kupasua fuvu. Kikwazo kilikuwa mfupa wa fuvu, ambao huyapinda na kuyameza mawimbi. Wanafizikia, miongoni mwao Kullervo Hynynen, mzaliwa wa Finland anayefanya kazi Toronto, walitumia vyanzo vingi vya mawimbi kwa pamoja, kila kimoja kikipangiwa wakati wake kwa kufuata picha ya CT ya fuvu la mgonjwa. Mashine ya MRI hupima joto linalopatikana ndani. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa baadhi ya wagonjwa wa kutetemeka mikono. Kwa kifafa bado inajaribiwa, na mwananchi asidanganywe kuwa imekwisha kuwa dawa.

Katika mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 uliozinduliwa mwaka 2021, serikali ilijumuisha ununuzi wa mashine za CT-Scan kwa hospitali za rufaa za mikoa. Hatua hiyo ni njema. Lakini mashine haijipimi wala haijisimamii. Inamhitaji mwanafizikia wa tiba, ahakikishe kwamba picha ni ya kweli na kwamba mgonjwa hapewi mionzi kupita kiasi. Mtaalamu huyo haagizwi pamoja na mashine ndani ya sanduku. Huanzia kidato cha kwanza, mbele ya mwalimu wa fizikia mwenye vifaa na moyo wa kufundisha. Shule ya sekondari isiyo na mwalimu huyo inaipunguzia hospitali ya kesho mtaalamu wake.

Wajibu umegawanyika wazi. Wakuu wa halmashauri wawapeleke walimu wa sayansi na vifaa vya maabara mahali vinapokosekana, na wasimamie vyoo na mabanda kwa dhati, si kwa taarifa za makaratasi. Walimu wawafundishe wanafunzi kwamba mate ya mwenye kifafa hayaambukizi, na kwamba mtoto aangukaye darasani hastahili kufukuzwa shule, bali kupelekwa zahanati, kwa kuwa vipo vidonge vya bei nafuu vinavyozuia kifafa kwa wagonjwa wengi. Mtoto aliyeanguka motoni huku watu wakiogopa kumgusa hakuunguzwa na kifafa peke yake. Aliunguzwa pia na ujinga wa waliosimama wakimtazama. Ujinga huo hauhitaji mashine kuuondoa.