Mtoto aliyekimbia Naivasha anahesabiwa wapi?

Nikisoma utafiti kuhusu afya ya watoto na ghasia, kwanza hutafuta jambo moja: mtafiti amejuaje kwamba mtoto huyu aliguswa na yule hakuguswa? Mara nyingi jibu ni duara. Mtafiti huchukua orodha ya matukio, hupiga duara la kilomita kadhaa kuzunguka kila moja, na mtoto anayeishi ndani huandikwa ameguswa. Wa nje ndio wa kulinganishwa nao.

Sasa lipige duara hilo Naivasha, Januari 27, 2008, siku ambayo watu 19, watoto wakiwemo, waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Wajaluo na Waluhya walijazana kituo cha polisi na gerezani, kisha wengi wakapanda mabasi kurudi kwao Nyanza na Magharibi. Huku Wakikuyu waliofurushwa Molo, Kuresoi na Eldoret wakipiga mahema uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliouawa nchini 1,133.

Novemba mwaka huo, wahoji wa utafiti wa kitaifa wa afya, KDHS, walianza kubisha hodi na kupima watoto. Walikuta 35 katika kila 100 wamedumaa. Lakini walibisha kwenye nyumba, si kwenye mahema. Na mtoto aliyetoka Naivasha mgongoni mwa mamake, kama walimkuta, walimkuta kwa nyanyake kijijini Busia. Kwa hesabu ya duara, huyo ni mtoto wa amani. Ubaya wake ni kwamba akiwa amedumaa, anawashusha wale wa kulinganishwa nao, tofauti inapungua, na ghasia zinaonekana hazikudhuru sana.

Tarehe nazo zina shida. Kuresoi nyumba zilichomwa kabla hata ya kura ya Desemba 27, 2007, kama ilivyokuwa 1992. Ukianza kuhesabu siku ya matokeo, mama aliyelala msituni mwezi mzima akiwa mjamzito humwoni. Orodha ya Uppsala, inayotumiwa sana, haiandiki tukio lisilo na kifo. Boma lililoteketea wenyewe wakiwa wamekimbia halimo. (Sisi wa Pwani tunaijua hali hii: wangapi waliohama Likoni 1997 waliwahi kuulizwa chochote?)

Wengine watasema haya ni mambo ya wasomi. Basi kumbuka shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za nyumba iliyochomwa. Waliokuwa kambini ndio walioonekana. Wengi waliojibanza kwa jamaa walilalamika miaka na miaka kwamba wamesahauliwa. Walikosekana kwenye pesa kama wanavyokosekana kwenye takwimu.

Mimi nataka dodoso liongezwe swali moja, kwa mama: ulipokuwa na mimba ya mtoto huyu, na tangu umzae, umelala wapi, mwezi kwa mwezi, na ni nini kilichokuhamisha?