Joho la Chekechea Sawa, Kitabu Je?

Kila ikikaribia mwisho wa mwaka, Insta ya Bongo inajaa majoho. Staa huyu kampeleka mwanae saluni, yule kakodi ukumbi, keki ya ghorofa tatu, kisa mtoto kahitimu chekechea. Hakuna ubaya, mtoto ni wao na hela ni zao. Kinachoshangaza ni kwamba katika picha zote hizo huoni hata moja mtoto kashika kitabu.

Na mashabiki nao wanaiga. Mama wa Tandika anakopa kikoba apate hela ya joho. Baba wa Mbagala anamlipia tuisheni mtoto wa miaka mitatu ili apasue intavyuu ya shule. Dogo anakariri a-e-i-o-u kama kasuku, ila ukimpa kitabu anakishika kichwa chini miguu juu.

Ukweli mchungu ni huu: kukariri peke yake hakumwandai mtoto kwa darasa la awali. Kusomewa hadithi ndiko kunakomwandaa. Akisomewa anajua kitabu kinafunguliwa wapi, anaokota maneno ambayo nyumbani hayasikii, anajifunza kutulia, kusubiri zamu na kuuliza "halafu ikawaje?" Mwalimu mwenye watoto lundo darasani anaomba Mungu ampate mtoto wa hivyo.

Hiyo ndiyo kazi ya maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed, aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967, ina sehemu ya watoto kabisa. Lakini wengi wanaipita na daladala wakiamini maktaba ni ya mwanachuo anayekimbizana na mtihani.

Ila tusiwabebeshe wazazi lawama zote. Kutoka Mbagala Rangi Tatu au Bunju mpaka mjini, mtoto mgongoni, daladala imejaa mpaka mlangoni, foleni usiseme! Nusu siku imeisha na nauli imekwenda. Nani ataweza hiyo kila wiki?

Toka 2016 ada imefutwa kwenye shule za serikali kuanzia darasa la awali. Mlango uko wazi, kilichobaki ni mtoto aingie akiwa tayari. Basi maktaba imfuate huko huko. Ofisi ya serikali ya mtaa haiko mbali na mtu. Weka rafu moja, mkeka, vitabu 50 vya hadithi za Kiswahili, na Jumamosi dada aliyemaliza form six awasomee watoto. Hela ya keki ya ghorofa tatu inatosha kuanzia.

Na hapa mastaa wana nguvu kuliko tangazo lolote. Staa mmoja akiposti video anamsomea mwanae kabla ya kulala, kesho yake nusu ya kina mama wa Kinondoni na Temeke watatafuta kitabu.

Haya wadau, mtaani kwenu mtoto wa miaka minne anakipata wapi kitabu cha hadithi? Taja mtaa, usione aibu.