AFYA YA NYUMBA: Homa Imetoka, Pumzi Bado

Katika nyumba zetu mgonjwa huhesabiwa kuwa amepona siku ile homa inapomtoka na hamu ya chakula inapomrudia. Kwa maradhi mengi hesabu hii yatosha. Lakini kwa korona, iliyoenea duniani mwaka 2020, imewadhulumu wengi. Baba aliyelazwa hurudi kwake, na mwezi wa pili bado husimama katikati ya ngazi akitweta, na wanawe husema, "Baba amezoea kulala." Twapenda leo kueleza kwa nini maneno hayo si ya haki.

Mapafu si mifuko miwili mitupu. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vya hewa, milioni 300 na zaidi, ambavyo kuta zake lau zingetandazwa zingeenea kiasi cha mita za mraba 70. Kuta hizo ni nyembamba sana, na ndimo oksijeni ipitamo kuingia damuni. Korona ikishuka kifuani, kuta huvimba, vifuko huingia majimaji, na pengine damu huganda katika mishipa midogo. Homa yaweza kutoka kwa siku chache, lakini ukuta uliovimba hutaka wiki nyingi au miezi kurudia hali yake, na kwa baadhi ya watu hubaki kovu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hospitali kuna mashine iitwayo spirometa, ambayo mtu huipulizia kwa nguvu ili ijulikane kiasi cha hewa mapafuni mwake na wepesi wa kutoka kwake. Mgonjwa aweza kupuliza vizuri, naye bado akatweta. Kwani kipo kipimo kingine, cha kujua hewa yapita vipi kutoka mapafuni kuingia damuni: mtu huvuta hewa maalumu, akaizuia kama sekunde 10, kisha akaitoa ikapimwa. Kwa waliougua sana korona, kipimo hiki cha pili ndicho kilichoonekana kupungua mara nyingi zaidi.

Madaktari wa Wuhan, Uchina, waliwafuatia wagonjwa waliotoka hospitali mwaka 2020. Baada ya miezi 6, watu 68 katika kila 100 walikuwa wangali na dalili moja au zaidi. Baada ya mwaka, walibaki 49. Basi subira yahitajika, na matumaini yapo.

Yatupasa tufanye nini? Kwanza, mgonjwa atembee kidogo kila siku mahali tambarare, aongeze polepole; akiamka kesho amechoka kupita kiasi, apunguze. Akitweta, akae, ainame mbele kidogo, avute pumzi kwa pua, aitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa kama apulizaye mshumaa. Pili, tumwepushe na moshi: sigara, jiko la kuni, hata chetezo cha udi tukiondoe chumbani mwake. Tatu, asiyeweza kusimama katika sala asione haya kusali kwa kukaa. Hiyo ni ruhusa ya dini, wala si uvivu. Na kabla ya kufunga saumu, amwulize daktari.

Lakini si kila kutweta ni kwa kungojea. Akishindwa kupumua hali ameketi, akiumwa na kifua, akikohoa damu, midomo ikigeuka rangi ya samawati, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, apelekwe hospitali saa ile ile. Na ambaye pumzi yake haikurudi baada ya miezi mitatu, haifai kukaa nyumbani akikisia. Apimwe mapafu, na moyo pia.

Nanyi vijana, mkimwona baba amesimama ngazini, msimpite mkicheka. Mpokeeni mzigo, mngojeeni ashushe pumzi, kisha pandeni pamoja naye.